Shehena ya msaada: nani huamua ipite njia gani, na msafirishaji hupata na kupoteza wapi

Mfanyabiashara wa mahindi wa soko la Kibaigwa, mkoani Dodoma, na mwenye malori wa Changamwe, Mombasa, huenda hawajuani wala hawatajuana. Hata hivyo, kuna miaka ambayo mapato ya wote wawili hutegemea uamuzi wa mtu mmoja aliyeko ofisini Nairobi, naye ni mkuu wa ugavi wa kanda wa shirika la misaada. Yeye na watu wake ndio wanaoamua nafaka inunuliwe nchi gani, ishushwe bandari gani, ivuke mpaka upi na lini. Wakikosea hesabu, familia za kambini hupunguziwa mgao. Wakibadili njia, malori ya upande mmoja hubaki yamepaki, na ya upande wa pili hutafutwa kwa udi na uvumba.

Wasafirishaji wengi huijua kazi hii kwa mlango mmoja tu, yaani tangazo la zabuni. Wanajaza bei, wanapata mzigo au wanakosa, na mwisho hubaki wakilalamika kwamba mashirika haya hayatabiriki. Ukweli ni kwamba yanatabirika kuliko wateja wengi wa kawaida, ili mradi mtu aelewe hesabu inayofanywa kabla ya tangazo hilo kutoka.

Mfano mzuri ni Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, ambalo ndilo lenye shehena kubwa ya chakula cha msaada katika ukanda huu. Shirika hilo la Umoja wa Mataifa lilianzishwa mwaka 1961 na makao yake makuu yako Roma, Italia. Ofisi yake ya kanda ya Afrika Mashariki iko Nairobi. Aidha, tangu mageuzi ya misaada ya mwaka 2005, WFP imepewa jukumu la kuratibu usafirishaji kwa niaba ya mashirika mengine wakati wa maafa, hivyo hema, dawa na mitambo ya maji ya mashirika mengine mara nyingi hupita katika maghala na malori yaleyale.

Hesabu huanzia mwisho

Mfanyabiashara wa kawaida huanza na mzigo alionao, kisha hutafuta soko. Mkuu wa ugavi wa misaada huanza na siku ya mgao kambini, halafu hurudi nyuma akihesabu siku.

Chukua mfano wa watu 100,000 wanaopewa gramu 400 za nafaka kila mmoja kwa siku. Kwa siku 30 hiyo ni tani 1,200 za nafaka peke yake, kabla ya kuhesabu maharage, mafuta ya kupikia na unga wa lishe wa watoto. Semi moja ikipakia tani 28, yanahitajika malori yapatayo 43 kila mwezi. Hapo hakuna tatizo kama barabara inapitika mwaka mzima.

Sasa watu hao wawekwe Sudan Kusini. Huko mvua hufunga barabara za udongo kuanzia karibu mwezi Mei hadi Novemba, na WFP yenyewe imekuwa ikieleza kwamba wakati wa masika hadi asilimia 60 ya nchi haifikiki kwa gari. Maana yake ni kwamba chakula cha miezi 7 ya mvua lazima kiwe kimeshafika ghalani wakati wa kiangazi. Kwa watu hao 100,000 hiyo ni tani 8,400, sawa na malori 300, na yote yanatakiwa ndani ya miezi minne au mitano, juu ya yale 43 ya kila mwezi. Asiyejua hesabu hii hushangaa kwa nini mwezi Januari anapigiwa simu tatu kwa siku akiulizwa kama ana magari, na mwezi Julai hapokelewi hata simu yake.

Mzigo ukichelewa na mvua ikaingia, kinachobaki ni jahazi za mto Nile pale mto unapofika, au ndege. Kudondosha chakula kwa ndege hugharimu mara kadhaa zaidi ya kukipeleka kwa lori. Kila dola inayoingia kwenye mafuta ya ndege ni dola iliyotoka kwenye mfuko uleule wa kununulia mahindi. Ndiyo sababu mkuu wa ugavi anaweza kukubali bei ya lori iliyo juu kidogo mwezi Februari bila kubishana sana. Kinachomwogopesha ni tarehe.

Fedha nazo huchelewa

Jambo ambalo wafanyabiashara wengi wa nafaka hawalifahamu ni kwamba mashirika haya hayana bajeti ya mwaka iliyokaa benki. Hutegemea ahadi za serikali wafadhili, na ahadi ni neno tu hadi fedha ziingie. Nyingine huja na masharti ya matumizi, kwa mfano zitumike nchi fulani, au kabla ya mwezi fulani. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya msaada wa Marekani haikuja kama fedha bali kama nafaka yenyewe, iliyonunuliwa kwa wakulima wa huko na kupakiwa melini huko. Kutoka ahadi hiyo itolewe hadi gunia lifunguliwe kambini iliweza kupita miezi minne, mitano, hata sita.

Ili kufupisha muda huo, WFP ilianza kununua kabla. Inakopa katika mfuko wake wa ndani, inanunua nafaka wakati wa mavuno bei ikiwa chini, na kuiweka kwenye maghala yaliyo njiani bila kuiandikia kambi yoyote. Fedha za mfadhili zikiingia, nchi yenye mahitaji huinunua shehena hiyo iliyo tayari karibu. Hapo ndipo maghala ya Mombasa, Dodoma, Isaka na Djibouti yanapopata umuhimu wake. Ghala lililo katikati humpa mkuu wa ugavi nafasi ya kusubiri aone: je, ukame umezidi Somalia, au mapigano yamezuka mashariki mwa Kongo? Shehena iliyoko Dodoma inaweza kwenda Kigoma, Uganda au Kenya. Ikishafika Juba, haiwezi tena kurudi.

Kwa mfanyabiashara wa nafaka, hii ina maana kwamba ununuzi mkubwa huja karibu na mavuno, kabla njaa haijatangazwa redioni. Anayehodhi mahindi akingoja taarifa ya maafa ndipo auze kwa bei ya juu mara nyingi hukuta ghala la shirika limeshajaa.

Aidha, shirika hulinganisha bei ya soko la ndani na bei ya kuleta nafaka kutoka nje hadi mahali pale pale pa mgao. Ya ndani ikiwa ghali zaidi, au ununuzi ukionekana utapandisha bei kwa wananchi, hununua nje. Hilo si dharau kwa wakulima wa hapa, kwa sababu mahindi hayohayo yakiwa nafuu hununuliwa kwa wingi. Januari 2019, kwa mfano, WFP ilitiliana saini na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula wa Tanzania mkataba wa tani 36,000 za mahindi, wenye thamani ya takribani shilingi bilioni 21 za Tanzania.

Kinachowaangusha wauzaji wengi ni ubora. Kiwango cha Afrika Mashariki cha mahindi kinataka unyevu usizidi asilimia 13.5, na sumukuvu, yaani aflatoksini, isizidi sehemu 10 kwa bilioni. Mahindi yaliyoanikwa chini kwenye vumbi na kufungwa kabla hayajakauka hayafiki hapo, hata yawe meupe namna gani kwa macho. Mzigo ukikataliwa na maabara, gharama ya kuutoa ghalani ni ya muuzaji.

Na si mashirika pekee yanayopima. Machi 2021 Kenya ilizuia ghafla mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, ikayaruhusu tena siku chache baadaye kwa masharti mapya, na malori yakawa yameshapanga foleni Namanga na Busia. Mwaka 2023 ikawa zamu ya Sudan Kusini kuzuia malori ya mahindi ya Uganda mpakani Elegu na Nimule. Serikali nazo hufunga milango kwa upande wa pili: Tanzania ilizuia mahindi yasitoke nje ya nchi mwaka 2011 na tena mwaka 2017. Kwa hiyo mkuu wa ugavi hatawahi kununua chakula chote cha kanda katika nchi moja, hata kama bei yake ndiyo bora kuliko zote.

Kwa nini analipia njia ghali

Hapa ndipo wasafirishaji wengi hukosa kuelewa. Mtu ana malori, ana bei nzuri kutoka Mombasa, halafu anasikia sehemu ya mzigo wa Uganda imepelekwa Dar es Salaam na kupandishwa treni. Anaamini kuna mkono wa mtu. Huenda upo, lakini mara nyingi sababu ni nyingine.

Januari 2008, baada ya matokeo ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, barabara kati ya Nakuru, Eldoret na Malaba ilizibwa kwa vizuizi. Reli iling'olewa Kibera. Malori yenye chakula cha msaada yalikwama pamoja na yale ya wafanyabiashara, na baadaye yakaruhusiwa kwenda kwa msafara chini ya ulinzi. Uganda na Rwanda zilikosa mafuta. Burundi na mashariki mwa Kongo nako bei zikapanda. Kwa wiki kadhaa watu wote waliokuwa wameweka mayai yao katika Ushoroba wa Kaskazini, yaani njia ya Mombasa kwenda Nairobi, Malaba, Kampala na kuendelea, walijifunza kwamba njia iliyo nafuu ikiwa peke yake ni hatari.

Baharini somo lilikuwa limeshatolewa. Juni 2005 meli Semlow, iliyotoka Mombasa ikiwa na mchele wa WFP kwa ajili ya waathirika wa tsunami nchini Somalia, ilitekwa na maharamia. Wenye meli wengine wakaanza kukataa mzigo wa Somalia. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2007 ilibidi manowari za kigeni zisindikize meli za chakula, Ufaransa ikitangulia, na mwishoni mwa 2008 Umoja wa Ulaya ukaanzisha operesheni yake iliyopewa kulinda meli za WFP kama jukumu la kwanza.

Ndiyo maana Ushoroba wa Kati, unaoanzia Dar es Salaam, huachiwa sehemu ya mzigo hata katika mwezi ambao Mombasa ni nafuu. Ushoroba huo una matawi. Moja huenda kwa reli hadi bandari kavu ya Isaka, mkoani Shinyanga, ambako shehena hupakuliwa kwenye mabehewa na kupakiwa malori ya Rwanda na Burundi kupitia Rusumo na Kabanga. La pili hufika Kigoma kwa reli, likalisha kambi ya Nyarugusu kwa barabara, na kuvusha mengine Ziwa Tanganyika kwenda Bujumbura, Uvira na Kalemie. La tatu ni la Mwanza. Juni 2018 mabehewa ya shehena ya WFP yalitoka Dar es Salaam hadi Mwanza, yakapandishwa meli ya MV Umoja na kuvuka Ziwa Victoria hadi Port Bell, Uganda, katika njia ambayo ilikuwa imelala kwa takribani miaka 10. Mzigo wa msaada ndio ulioifungua, wa wafanyabiashara ukafuata.

Njia isiyotumika hufa. Wakala wa forodha husahau taratibu zake, mabehewa huoza, madereva hawajui tena mahali pa kulala. Mkuu wa ugavi anapolipa kidogo zaidi ili tani elfu chache zipite njia ya pili, ananunua bima. Msafirishaji mwenye akili huangalia tani hizo zinakopita, kwa maana zinaonyesha mahali ambapo mzigo mkubwa utahamia siku njia kuu ikiziba.

Kuziba si lazima kuwe kwa vita. Mei 2020, wakati wa ugonjwa wa Covid-19, madereva walilazimika kupimwa na kusubiri majibu mpakani Malaba, na foleni ikafika makumi ya kilomita. Chakula cha msaada kilikuwa kimo katika foleni hiyohiyo.

Kutoka ghalani hadi kambini: mahali pa faida na hasara

Mkataba wa usafirishaji wa msaada hauko kama wa mwenye duka anayetafuta gari la kesho. Kwanza ofisi ya nchi huweka orodha ya kampuni zilizokaguliwa: magari mangapi ni yake kweli, hesabu zake za fedha, leseni, bima, wapi pameegeshwa magari. Kisha waliomo kwenye orodha hualikwa kutoa bei kwa tani kwa kila njia. Mara nyingi mzigo hauendi kwa mwenye bei ya chini peke yake. Hugawanywa kati ya kampuni kadhaa kwa kuangalia bei na uwezo, kwa sababu shirika linajua kwamba kahawa ikianza kuvunwa, au bei ya mzigo wa kibiashara ya Juba ikipanda, mwenye bei ya chini ndiye wa kwanza kuyaondoa magari yake.

Ni vizuri kujua jinsi ya kuijenga bei yenyewe. Mombasa hadi Juba kupitia Malaba na Elegu ni takribani kilomita 1,600. Kwenda kuna mzigo, kurudi karibu hakuna, kwa hiyo bei ya kwenda lazima ibebe safari mbili. Ongeza siku za kusubiri kupakua. Ghala la kambi si ghala la mjini: mvua ikinyesha wapakuaji hawafanyi kazi, na semi kumi zikifika pamoja ya mwisho inaweza kukaa siku tano. Mkataba ukiwa na malipo ya siku za kusubiri, ni lazima dereva aandikiwe tarehe na saa ya kufika. Asipoandikiwa, siku hizo hazipo.

Uzito nao haukubali ujanja. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 inaweka kikomo cha tani 56 kwa gari zima lenye ekseli 7, na tani 50 kwa ekseli 6. Shirika la misaada halipakii kuzidi hapo, na likigundua msafirishaji ameongezea mzigo wa mtu mwingine juu ya turubai, humwondoa kwenye orodha. Kwa mwenye semi nzito isiyo na nafasi ya kutosha, tofauti ya tani moja au mbili kwa kila safari ndiyo faida yote.

Lakini pesa nyingi zaidi hupotelea kwenye karatasi. Kila lori hutoka ghalani na hati ya mzigo yenye idadi ya magunia na uzito. Mpokeaji huhesabu, huandika yaliyofika sawa, yaliyochanika, yaliyolowa na yaliyopungua, kisha husaini na kugonga muhuri. Hati hiyo ya asili ndiyo ankara. Bila yake hakuna malipo, na muda wa malipo ulioandikwa kwenye mkataba huanza kuhesabiwa siku ankara kamili inapopokewa, si siku mzigo uliposhushwa. Dereva aliyekaa na hati kwenye droo ya gari wiki tatu amemkopesha tajiri wake hasara ya wiki tatu.

Magunia yaliyopungua hukatwa kwenye malipo kwa thamani kamili ya chakula pamoja na gharama za kukifikisha, si kwa bei ya gulioni. Kwa mfano wa hesabu tu: lori lina magunia 560 ya kilo 50, yaani tani 28. Bei ya usafiri ikiwa dola 150 kwa tani, safari ina dola 4,200. Magunia 6 yakipungua, ni kilo 300. Thamani ikiwekwa dola 600 kwa tani, makato ni dola 180, zaidi ya asilimia 4 ya mapato ya safari nzima. Katika biashara ambayo faida halisi inaweza kuwa asilimia 8 au 10, utingo mmoja asiye mwaminifu amekula karibu nusu yake.

Kwa hiyo wasafirishaji wazoefu wana desturi ambazo wageni huziona ni usumbufu. Dereva huhesabu mwenyewe wakati wa kupakia na hasaini hesabu ya mtu mwingine. Hukataa gunia lililochanika kabla halijapanda. Husafiri na magunia matupu ya akiba, sindano na uzi, ili nafaka iliyomwagika kwenye bodi ikusanywe na kufungwa upya, maana gunia lililoshonwa njiani hupokelewa na nafaka iliyofagiliwa haihesabiwi kitu. Turubai hukaguliwa kwa mwanga: mtu huingia chini yake mchana, akiona nyota, turubai hilo halifai kwenda Gulu mwezi wa nne.

Msamaha wa kodi nao huleta salata. Shehena ya Umoja wa Mataifa imesamehewa ushuru chini ya sheria ya forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004, na hati ya msamaha hutolewa kwa kila shehena. Msamaha huo ni wa chakula, haufuati gari. Lori bado hulipa tozo za barabara, hupanda mizani, huhitaji leseni ya kusafirisha mizigo ya transiti, kadi ya njano ya bima ya COMESA kwa nchi zinazoitumia, na lakiri ya kielektroniki pale inapotakiwa. Dereva anayefika mpakani akidhani bendera ya Umoja wa Mataifa kwenye magunia itamvusha, hulala hapo. Na hati ya msamaha ikichelewa wizarani huku meli imeshafunga gati, makontena huanza kudaiwa siku. Mkuu wa ugavi hupambana na barua hiyo mapema kuliko kitu kingine chochote. Baadhi ya wakuu hutuma mtu kuifuatilia hata kabla meli haijang'oa nanga.

Usalama wa dereva si suala la pembeni

Barabara ya Nimule hadi Juba, kilomita 192, iliwekwa lami kwa msaada wa Marekani na kufunguliwa mwaka 2012. Ni mshipa wa Sudan Kusini. Mwaka 2021 madereva wa Kenya na Uganda waligoma Elegu baada ya wenzao kuuawa katika barabara za nchi hiyo, na malori yakajaa mpakani hadi pale mazungumzo yalipofanyika kuhusu ulinzi.

Mgomo ule ulionyesha jambo ambalo mezani halionekani. Mkuu wa ugavi anaweza kuwa na fedha, nafaka na mkataba, lakini gari haliendi kama dereva amekataa, na ana haki ya kukataa. Tangu hapo swali la nani atalipa familia ya dereva akiuawa au lori likichomwa limekuwa zito katika majadiliano ya bei. Msafirishaji anapaswa kusoma kipengele hicho kabla ya kusaini, maana bima nyingi za kawaida hazifidii hasara ya vita. Wenye magari machache huona aibu kuuliza. Waulize.

Mzigo umepungua

Yote haya yanafanyika sasa katika mazingira magumu kuliko miaka iliyopita. Januari 2025 Marekani, ambayo ilikuwa mfadhili mkubwa kuliko wote, ilisimamisha misaada yake ya nje, na Julai 2025 shirika lake la USAID likafungwa rasmi. Kwa muda kulikuwa na chakula ambacho kilikuwa kimeshanunuliwa lakini kimekaa tu maghalani, Djibouti ikiwemo, bila mtu mwenye idhini ya kukitoa. WFP ilieleza mwaka huo kwamba inatarajia fedha zake kupungua kwa takribani asilimia 40 ikilinganishwa na 2024. Kambini Kakuma, kaskazini-magharibi mwa Kenya, mgao ulipunguzwa hadi chini ya nusu, na Machi 2025 wakimbizi waliandamana.

Kwa mkuu wa ugavi, fedha zikipungua hesabu huwa ngumu zaidi. Tani chache bado zinahitaji ghala, mizani, wakala wa forodha na mlinzi. Hushawishika kufunga njia ya pili na kubaki na moja iliyo nafuu, jambo ambalo Januari 2008 ilionyesha bei yake. Kwa upande wa wasafirishaji, waliokuwa wameweka malori yote kwenye mzigo wa msaada ndio walioumia kwanza, hasa walionunua vichwa kwa mkopo wa benki wakitegemea mkataba mmoja. Wale waliokuwa na theluthi moja huko, na zilizobaki kwenye saruji, mafuta na mbolea, walipunguza mwendo tu.

Hata hivyo kiangazi cha Sudan Kusini kinarudi kila Desemba, na mahitaji ya malori yatakuwa juu hadi Aprili, hata kama si kwa kiwango cha zamani. Kampuni inayotaka kuwemo haiwezi kuanza Januari. Ukaguzi wa kuingizwa kwenye orodha huchukua miezi, na hufanywa na ofisi ya WFP ya nchi ambako kampuni imesajiliwa. Muuzaji wa nafaka au huduma hutakiwa pia kujiandikisha kwenye soko la pamoja la Umoja wa Mataifa katika intaneti. Usajili huo haulipiwi, na hakuna hatua ya zabuni za Umoja wa Mataifa inayotozwa ada. Anayepiga simu akidai dola 300 za "kufungua faili" si mtumishi wa shirika lolote, na wanaofanya hivyo wapo Mombasa, Kampala na Dar es Salaam.